Kuandika jina la mwenye deni sawasawa, na kuandikisha rehani kwa wakati

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakamati wa mikopo, wanachama na wafadhili wa shirika letu



Tuliombwa kuzungumza leo juu ya karatasi. Tunajua karatasi haifurahishi mtu. Mtu akisikia neno "mkopo" anafurahi, akisikia neno "formulaire" anaanza kuangalia saa. Lakini sisi tunaozunguka kwenye vikundi, kutoka MUSO moja hadi nyingine, tunaona kila mara kitu kimoja: feza ya kikundi haipotei tu kwa sababu mtu amekataa kulipa. Inapotea pia kwa sababu jina liliandikwa vibaya, ao kwa sababu karatasi ilikaa wiki sita ndani ya sanduku la katibu ikingoja mtu wa kuipeleka. Na feza hii siyo ya upepo. Ni feza ya wamama wanaouza dagaa, na ni feza ya watu walioiamini shirika letu.

Kwa hiyo tutasema mambo mawili: jina, na wakati. Halafu tutaonyesha kazi ya kila mmoja.

Tuanze na kuelewana juu ya rehani yenyewe.

Wengi wetu tuliporudi, tulikuta parsele ya baba, ao tulinunua kipande kidogo. Lakini sheria ya ardhi ya Kongo, ile ya mwaka 1973, inasema haki juu ya parsele inathibitishwa na cheti cha konservatere, ile watu wanaita certificat d'enregistrement. Wangapi humu ndani wako nacho? Wachache. Barua ya chefu wa kijiji ina heshima yake, lakini benki haiwezi kuandikisha hipoteki juu yake. Ndiyo maana mkopo wetu sisi unasimama juu ya vitu vinavyotembea: mashine ya kusaga, pikipiki, motere ya pirogi, mashine ya kushona, akiba ya muchele.

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo iko ndani ya OHADA, pamoja na nchi zingine 16 za Afrika. Sheria ya OHADA juu ya dhamana, iliyokubaliwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inaruhusu mtu kuweka kitu chake rehani na akaendelea kukitumia. Hii ni faida kubwa. Zamani, ukitaka kukopa juu ya pikipiki, mwenye feza alikunyang'anya pikipiki mpaka ulipe. Sasa utalipa na nini, kama kitu kinachokuletea chakula kimefungiwa kwake? Leo unabaki nacho, unafanya kazi, unalipa.

Lakini sheria inaomba kitu kwa kubadilisha. Kwanza, mapatano yawe ya kuandikwa, yaseme deni ni lipi, vitu ni vingapi, na ni vya aina gani. Pasipo maandishi hayo hakuna rehani. Pili, kama kitu kinabaki mikononi mwa mwenyewe, rehani iandikishwe kwenye rejista ya biashara na mikopo, ile tunaita RCCM. Hapo ndipo watu wengine wote wanahesabiwa kuwa wanajua. Kabla ya hapo, mapatano yenu ni siri ya watu wawili. Mwingine akija kukopesha juu ya mashine ile ile, hamuna la kumwambia.

Sasa tuingie kwenye jina.

RCCM iko kwenye grefe ya tribinali. Namna ilivyopangwa, kuna daftari ya kuingia ambamo kila ombi linapata tarehe na namba, na kuna dosie za watu zinazopangwa kwa alfabeti. Mushike neno hilo: alfabeti. Mtu akija kuuliza, "Huyu ananiomba mkopo, je, ameshaweka kitu rehani?", grefie hatafuti kwa sura. Hatafuti kwa kijiji wala kwa ukoo. Anatafuta kwa herufi.

Na sisi watu tuliorudi, shida yetu iko hapo hapo kwenye herufi.

Mtu aliyezaliwa Fizi, jina lake liliandikwa na karani aliyesoma Kifaransa. Aliandika DJUMA, kwa D. Mwaka 1996 vita vikamvusha ziwa. Kule Kigoma, na baadaye Nyarugusu ao Lugufu, karani Mtanzania alisikia jina lile lile, akaandika JUMA, kwa J. Hakukosea. Kwao ndivyo linavyoandikwa. Vilevile RAMAZANI akawa RAMADHANI, CHABANI akawa SHABANI, TCHOMBA akawa CHOMBA, WILONDJA akawa WILONJA, ESTHER akawa ESTA. Mtu ni mmoja, mdomo unasema sauti moja, lakini karatasi ni mbili. Miaka ikapita, watoto wakasoma kule kwa jina la pili, diplome ikatoka kwa jina la pili. Mtu akarudi Baraka na mashua, akaenda kujiandikisha kwa uchaguzi, na karani wa huku akarudisha D yake.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja ana mashine ya kusaga. Karte yake ya uchaguzi inasema DJUMA. Karatasi yake ya kambi inasema JUMA. Siku ya mkopo alikuja na karatasi ya kambi, kwa sababu karte ilikuwa nyumbani. Kikundi kikamkopesha dola 1,500, kikaandikisha rehani kwa jina la JUMA. Dosie ikaingia kwenye J. Miezi minane nyuma, mama yule anaomba mkopo mwingine kwa kooperative ya mji, kwa karte ya uchaguzi. Kooperative inauliza grefe: "Kuna kitu juu ya DJUMA?" Grefie anafungua D. Hakuna kitu. Anatoa jibu kwamba hakuna kitu. Kooperative inakopesha, inaandikisha, kwa nia njema kabisa.

Mashine imeharibika, mama ameshindwa kulipa wote wawili. Nani atashika mashine? Kikundi kitasema: "Sisi ni wa kwanza." Kooperative itasema: "Tuliuliza, tukaambiwa hakuna." Hapo mumeingia kwenye kesi. Mutalipa avoka, mutalipa transporti ya kwenda na kurudi, mutapoteza siku za shamba. Hata mukishinda, dola 1,500 zimekuliwa njiani. Na mama yule, ambaye hakudanganya mtu, ataitwa mwizi sokoni kwa sababu ya herufi moja.

Musifikiri ni ujinga wa Kongo tu. Ndugu zetu waliotoka kambi na kupelekwa Marekani, na wengine wao leo ni wafadhili wetu, wanaishi mahali ambapo jambo hili limepeleka makampuni makubwa mbele ya hakimu. Mwaka 2004, kwenye kesi ya mkulima wa Kansas, kampuni moja ya mashine za kilimo ilikuwa imeandikisha dhamana yake kwa jina la kifupi ambalo kila mtu alimwita mkulima yule. Jina lake la kisheria lilikuwa refu zaidi. Aliyetafuta kwa jina la kisheria hakuona kitu. Mahakama ikasema maandikisho yale hayatoshi, na kampuni ikapoteza nafasi yake ya mbele. Baada ya kesi kama hizo, sheria yao ilirekebishwa. Tangu mwaka 2013, katika majimbo mengi, jina la mtu linachukuliwa vile vile lilivyo kwenye leseni yake ya kuendesha gari. Siyo jina la mtaani, siyo jina la kanisani. Hati moja, jina moja. Kama wenyi kompyuta na maavoka wamefika hapo, sisi wenyi kalamu na daftari tuna sababu zaidi ya kufika hapo.

Basi, hati yetu ni ipi?

Jina la Mkongomani linatoka kwenye etat civil. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakataza mtu kubadilisha jina lake, ama maandiko yake, ama hata mpangilio wa sehemu zake, kama lilivyotangazwa etat civil. Anayetaka kubadilisha, awe na sababu nzuri na apite kwa tribinali de pe. Kwa hiyo msingi ni acte de naissance, ao hukumu ya tribinali inayoisimamia. Lakini hati ambayo karibu kila mtu mzima anayo mfukoni ni karte ya uchaguzi, na ndiyo inashika nafasi ya kitambulisho. Pendekezo letu kwa vikundi vyote ni hili: chukueni jina kwenye karte ya uchaguzi, na mulilinganishe na acte kama iko. Zikipatana, muendelee. Zisipopatana, simameni. Mkopo unaweza kungoja wiki mbili. Jina lililoingia vibaya kwenye rejista halitangoja, litakaa pale na kuleta fujo.

Sasa tuonyeshe namna ya kuandika, hatua kwa hatua. Wanakamati, tafazali muandike.

Ya kwanza. Usiandike kwa kusikia. Tumeona makatibu wengi wakiuliza, "Mama, jina yako nani?", mama anajibu, na kalamu inakimbia. Hapana. Karte ikae juu ya meza. Nakili herufi kwa herufi, kwa herufi kubwa. Ukimaliza, mtu wa pili asome kutoka kwenye fomu na wa tatu aangalie karte. Kama mwenye deni hajui kusoma, aje na mtoto wake ao jirani anayejua. Ni dakika tano tu.

Ya pili. Sanduku tatu, sehemu tatu: jina, postnom, prenom. Usiziweke zote ndani ya sanduku moja, na usizigeuze. Mtu akiitwa Esther kanisani na Wilondja kwenye karte, dosie yake iko kwenye W. Kambini wengi walizoea kutanguliza prenom. Hapa inatanguliza jina.

Ya tatu. Majina ya heshima yabaki kwa mazungumzo. Sisi wote tunamwita mtu Maman Riziki ao Papa Aline, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni heshima yetu na tusiiache. Lakini Maman Riziki wako wangapi hapa Baraka? Grefe haimjui.

Ya ine. Kama mtu ana maandiko mawili ya jina, usifiche la pili. Kwenye mapatano, nyuma ya jina la karte, andika: "anayeandikwa pia JUMA kwenye hati za kambi". Kwenye fomu ya RCCM, uliza grefie ni wapi jina la pili linaweza kuwekwa. Jina la karte linabaki la mbele. La pili ni taa ya kumusaidia anayetafuta.

Ya tano. Jina peke yake halitoshi kutofautisha watu. Ongeza mahali na tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na la mama, makao, namba ya simu. Kwa tarehe ya kuzaliwa muwe waangalifu: watu wengi walioandikishwa kambini bila hati walipewa tarehe 1 Januari. Mukiwa na watu wawili wa jina moja, wote wa 1 Januari, jina la mama ndilo litawaachanisha.

Ya sita. Jina la boutique siyo jina la mtu. Ubao wa mbele unaweza kusema "Chez Mama Afrika", lakini aliyekopa ni mwenye boutique. Andika jina lake, halafu useme anafanya kazi chini ya jina gani. Na kama anayekopa ni shirika ao kooperative yenye hati zake, andika jina zima vile lilivyo kwenye statuts, siyo herufi za kifupi peke yake. Kama kikundi hakina hati za kisheria, basi hakiwezi kukopa kama kikundi. Wanakopa watu, na kila mmoja anaandikwa kwa jina lake.

Ya saba. Kitu nacho kina jina. Pikipiki ina namba ya shasi, motere ina namba yake. Mashine ya kusaga muandike marke, nguvu yake, namba ikiwepo, na mahali ilipo. "Mashine moja ya kusaga" haitoshi kama mwenyewe ana tatu.

Ya mwisho, na hii watu wengi hawaifanyi: baada ya kuandikisha, jitafuteni wenyewe. Mwambie grefie: "Tafazali, utuangalilie kama kuna rehani juu ya jina hili," ukimwonyesha karte ya uchaguzi. Rehani yenu ikionekana, kazi ni nzuri. Isipoonekana, basi hata mwingine hataiona, na musitoke pale bila kuomba isahihishwe. Kosa la siku ile ile ni dogo, na kosa linaloonekana mbele ya hakimu ni kubwa.

Hayo ni ya jina. Tuje kwa wakati.

Wanachama wetu wengi wanafikiri nafasi yao inaanza siku mapatano yanatiwa sahihi, ao siku feza inatoka. Hapana. Mbele ya watu wengine inaanza siku ya kuandikishwa. Wakopeshaji wawili wenyi rehani juu ya kitu kimoja wanapangwa kwa tarehe ya maandikisho yao. Yako madeni ambayo sheria yenyewe inayaweka mbele, kama sehemu ya mishahara ya wafanyakazi. Lakini kati ya mwenye rehani na mwenye rehani, ni kama kwenye fontene: bidoni iliyofika mbele ndiyo inajaa mbele. Kusema "mimi nilitoka nyumbani mapema" haisaidii kitu.

Sasa ni nini kinatuchelewesha? Tunaotembea kwenye vikundi tunaona sababu zile zile. Kikundi kinangoja dosie kumi zijae ili mtu mmoja azipeleke zote kwa transporti moja. Katibu anangoja sahihi ya presida, na presida yuko shambani. Fotokopi haikufanyika kwa sababu hakuna umeme. Barabara imekatika na mvua. Na sababu kubwa kuliko zote: feza imeshatoka, kwa hiyo hakuna anayeona haraka tena.

Dawa ya sababu hii ya mwisho ni moja: mugeuze mpangilio. Dosie iandaliwe kwanza, rehani iandikishwe, halafu feza itoke. Tunajua mutasema: "Mama ana mtoto mgonjwa, atangoja siku ngapi?" Mtoto mgonjwa ana kisanduku cha msaada, siyo kisanduku cha mikopo. Musichanganye hivyo viwili. Mkopo wa mashine unapangwa, na kitu kinachopangwa kinaweza kungoja karatasi.

Kwa sababu zingine, tunapendekeza hivi. Kikundi kichague mtu mmoja, na wa pili wa kumsaidia, ambaye kazi yake ni maandikisho peke yake. Gharama ya grefe, fotokopi na transporti zihesabiwe tangu mwanzo ndani ya mkopo, kwa uwazi, mwenye deni akijua. Vikundi vya njia moja viungane: mjumbe mmoja aende kwa siku inayojulikana, hata kama ana dosie moja tu. Na kabla ya safari muulize ni grefe ipi: kawaida ni ya mahali ambapo mwenye deni amejiandikisha kama mfanya biashara, ao mahali anapokaa. Mtu aliyeandikwa Uvira lakini siku hizi analala Baraka, muulizie mapema, musiende kurudishwa.

Kuna kuchelewa kwingine ambako watu wanakusahau, ni kule kwa mwisho. Maandikisho yana muda. Sheria inaachia wenyi mapatano wakubaliane muda huo, lakini hauwezi kupita miaka 10. Muda ukiisha bila kurudiliwa, nafasi yenu imekufa, hata kama deni bado liko. Kila kikundi kiwe na daftari ya tarehe: siku ya kuandikishwa, siku ya kuisha, na miezi mitatu mbele, siku ya kukumbushana.

Na mwenye deni aliyemaliza kulipa ana haki yake. Rehani ifutwe kwenye rejista. Tunakutana na watu waliolipa hadi franga ya mwisho, wakapiga makofi na kikundi, wakaenda. Siku wanaomba mkopo mahali pengine wanaambiwa, "Wewe una deni." Hakuna aliyekumbuka kwenda kufuta. Jina la mtu limebaki limefungwa bila kosa lake. Tunaomba vikundi vichukue kufuta kama sehemu ya mkopo, siyo kama msaada. Mkopo haujaisha siku ya kulipa, umeisha siku jina limetolewa.

Tuseme neno kwa wamama. Kambini, nyumba nzima iliandikwa kwenye karatasi moja chini ya mkubwa wa nyumba, na wanawake wengine walizoea kujulikana kwa jina la mume. Lakini hapa mwanamke aliyeolewa anabaki na jina lake. Mkopo wake uandikwe kwa jina lake, lile la karte yake. Na tangu sheria ya mwaka 2016, mwanamke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye mapatano. Sheria inaomba mume na mke wapatane juu ya yale wanayojifunga kuyafanya, na inaomba hivyo kwa wote wawili. Basi mke akikopa, mume aitwe, na mume akikopa, mke aitwe. Hiyo inalinda nyumba, na inalinda kikundi pia na maneno ya kesho: "Mashine ile siyo yake, ni yangu."

Tunajua wako wazee wanaouliza: "Sisi ni ndugu, tulilala kambi moja, tulikula mahindi ya ration moja, karatasi hizi zote ni za nini?" Ni swali zuri, na tunaliheshimu. Jibu letu ni kwamba karatasi haikuwekwa kwa sababu ya ndugu. Imewekwa kwa sababu ya yule wa tatu, ambaye hakulala kambini pamoja nasi: kooperative ya mji, mnunuzi wa pikipiki, mrithi baada ya kifo. Undugu unasimama kati yetu wawili. Mbele ya wa tatu, inasimama rejista. Na ukitazama vizuri, deni lililoandikwa sawasawa ndilo linaachia ndugu waendelee kusalimiana.

Kitu kingine kwa ulinzi wa mwenye deni. Usitie sahihi wala kidole kwenye fomu tupu. Omba nakala ya mapatano na ya fomu. Na karte yako ya uchaguzi ikishasomwa na kufotokopiwa, irudi mfukoni mwako siku ile ile. Wako wakopeshaji wanaobaki nayo mpaka deni liishe. Sisi tunaomba vikundi vyetu visifanye hivyo. Mtu bila karte, kwa barabara zetu hizi, ni mtu mwenye shida kwa kila barieri. Rehani ni mashine, siyo mwenye mashine.

Na kwa kuwa tunajua kukimbia ni nini, weka fotokopi mahali pa pili: kwa ndugu wa mji mwingine, ao picha ndani ya simu ya mtoto aliye mbali. Wengi tulivuka ziwa mikono mitupu, na jina letu likaanza upya kwenye kalamu ya mtu mwingine. Isirudiliwe.

Kwa wafadhili wetu tuna maombi mawili. La kwanza, mutuachie mstari ndani ya bajeti kwa ajili ya maandikisho: transporti, fotokopi, gharama ya grefe, na msaada kwa wanachama wanaohitaji kupita tribinali ili hati zao zipatane. Ni feza kidogo ukiilinganisha na mkopo unaolindwa. La pili, musitusukume kutoa feza yote kabla ya mwisho wa mwezi fulani ili raporti ipendeze. Mkopo uliotoka haraka pasipo kuandikishwa unaonekana vizuri kwenye raporti ya mwaka huu. Mwaka kesho ndipo mutauliza feza ilienda wapi.

Kwa wanakamati, kazi inaanza kesho asubuhi. Toeni dosie zote za mikopo inayoendelea. Weka kila fomu pembeni ya fotokopi ya karte, linganisha herufi kwa herufi. Zile zinazopatana, andika tarehe ya kuisha kwenye daftari. Zile zisizopatana, mwite mwenye deni kwa upole, mumweleze ni kwa nini, na mwende pamoja kusahihisha. Waliomaliza kulipa na hawajafutwa, muanze na hao, kwa maana walitimiza sehemu yao na wanangoja sisi.

Sisi tuko tayari kukaa na kila kamati nusu siku kwa kazi hiyo. Mutuambie siku, mulete karte, mulete kalamu.